Ufunguo wa Gari Ukikwama

Ndugu wa vikundi, leo tuzungumze juu ya gari la kikundi. Hapa Mombasa chumvi ya bahari na vumbi huingia kwenye swichi, na shada zito la funguo huilegeza. Siku moja ufunguo hautoki, nasi tumeziba Ndia Kuu, Mji wa Kale, na nyuma honi tupu.

Tusikimbilie koleo! Ufunguo ukivunjika ndani, pesa za kikundi zitakwenda kwa fundi. Kwanza tuangalie gia. Kwa gari la otomatiki iwe kwenye P. Halafu tuutikise usukani kushoto na kulia huku tukizungusha ufunguo polepole, maana mara nyingi ni loki ya usukani iliyobana.

Ukishatoka, tusitie mafuta ya kupikia, yanashika vumbi. Tupake unga wa risasi ya penseli kwenye meno yake, tuuingize na kuutoa mara kadhaa. Na ufunguo uliolika tusiuchongeshee mwenzake, utarithi kasoro ile ile. Tupeleke ule wa akiba. Swichi yenyewe ikiwa imekwisha, ibadilishwe mapema, kabla haijatugomea kwenye foleni ya feri, Likoni.