Mguu Uliobaki Uvunguni

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya safari yangu. Mungu akipenda, mwezi wa Novemba nitaondoka kwenda Jaipur, India, kujitolea kwa miezi mitatu katika karakana ya miguu ya bandia. Sitalipwa mshahara, nauli nimeitoa katika kiinua mgongo changu.

Wengi mmeniuliza, "Mzee, vilema wa hapa umewamaliza?" Swali ni la haki, na jibu lake lina aibu.

Mwaka 1989 mwenzetu mmoja, tuliyelala naye bweni moja, alikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya basi. Wakati ule nilikuwa fundi wa miguu ya bandia hospitalini. Nilimtengenezea mguu kwa mikono yangu, kwa kufuata kielelezo cha Ulaya, nikaona fahari. Baada ya mwaka nilikwenda kumtembelea, nikamkuta anatoka shambani kwa magongo. Mguu wangu ulikuwa uvunguni mwa kitanda, umefungwa katika kanga. Akaniambia kwa upole, "Ndugu yangu, mguu huu unataka kiatu saa zote. Siwezi kuchuchumaa chooni, siwezi kuketi mkekani. Huu ni mguu wa mtu wa kiti."

Sikuwa nimemwuliza hata mara moja siku yake inakwendaje. Alifariki mwaka 2011, na magongo yake.

Huko Jaipur swali hilo liliulizwa mapema. Mwaka 1968 fundi Ram Chandra Sharma, asiyekuwa na elimu kubwa ya darasani, pamoja na daktari wa mifupa P. K. Sethi, walibuni mguu wa mpira na mbao unaokunjika penye kifundo. Aliyeuvaa huweza kuchuchumaa, kuketi chini na kwenda pekupeku shambani. Tangu 1975 lipo shirika mjini humo linalowapa wahitaji miguu hiyo bila malipo. Si muujiza, kila kigutu kinataka kipimo chake. Lakini vijana, angalieni: daktari na fundi waliketi meza moja. Anayecheka somo la useremala na akumbuke hilo.

Sasa matayarisho. Nimechanjwa homa ya manjano mapema, kwa maana cheti chake huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Nimeuliza ubalozini viza impasayo mtu wa kujitolea, kwa kuwa ya mtalii ni ya kutalii. Nimenunua sweta: mimi mtu wa Tanga nilidhani India ni joto tu, kumbe usiku wa Januari huko Jaipur ni wa kutafuta blanketi. Kihindi najifunza kila jioni, na nimekuta kitabu, dunia, gari na chapati vimekwisha nitangulia.

Jambo gumu ni nyumbani. Mwanangu mkubwa anasema fedha hizo zingeezeka nyumba. Ni kweli, na bati letu linavuja. Mke wangu alinyamaza siku tatu, kisha akaanza kunipangia sanduku. Sijui kama ni ridhaa au amechoka nami.

Ndugu zangu, siendi kufundisha. Nimewaandikia kwamba nitafagia, nitasugua mpira, na nitamwuliza kila mgonjwa nitakayeruhusiwa kumsogelea: siku yako inakwendaje? Nikirudi Februari naomba meza moja katika karakana ya shule hii, na vijana wawili wenye mikono mizuri.

Ule mguu wa uvunguni mjane wa mwenzetu amenikabidhi. Umekwisha lala sandukuni, chini ya sweta, umekula nusu ya nafasi. Naondoka nao, uwe mwalimu wangu.