HEWA, BLANKETI LA DUNIA

Wakulima wa viazi wa Kinangop wanajua jambo moja ambalo huwashangaza wageni. Usiku wenye mawingu mazito, hata kama mchana wake ulikuwa wa baridi, viazi hupona. Lakini usiku wa nyota nyingi, mbingu zisipokuwa na wingu hata moja, ndio usiku wa hatari. Alfajiri shamba huonekana jeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda, na jua likipanda majani huwa meusi kana kwamba yameunguzwa na moto. Kazi ya miezi miwili huharibika kwa usiku mmoja. Jambo hilo lina sababu yake. Mtu akiielewa ataelewa pia kwa nini hali ya dunia inabadilika siku hizi, na kwa nini mvua haiaminiki kama zamani.

Kwanza yafaa kujua hewa ni kitu gani. Kwa kuwa haionekani, wengi hudhani kwamba hewa ni utupu. Sivyo. Hewa ina uzito. Kule pwani, juu ya kila sentimeta moja ya mraba pana uzito wa hewa upatao kilo moja. Mtu hausikii uzito huo kwa sababu mwili wake nao husukuma kutoka ndani kwa nguvu iyo hiyo. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni naitrojeni, na 21 ni oksijeni, ambayo watu na wanyama huivuta ili waishi, na moto huihitaji ili uwake. Sehemu moja iliyobaki ni mchanganyiko, na ndani yake imo hewa ya ukaa, ambayo mimea huitumia kujitengenezea chakula. Hewa hiyo ya ukaa haifiki hata sehemu moja katika 2,000. Tena umo mvuke wa maji, ambao huzidi na kupungua siku kwa siku.

Hewa imelundikana kama marobota ya pamba ghalani: lile la chini hubanwa na uzito wa yaliyo juu yake. Nusu ya hewa yote iko chini ya meta 5,500, na kilele cha Mlima Kenya kina meta 5,199. Mtu asimamaye kileleni ameacha karibu nusu ya hewa ya dunia chini ya miguu yake. Tena hewa ipandayo hutanuka, na ikitanuka hupoa; ndiyo sababu mtu apandapo meta 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6. Hivyo minazi hustawi Malindi, chai hustawi Kericho, na barafu hukaa mlimani ingawa ikweta inapita ubavuni mwake.

Mambo hayo yamo hata jikoni. Mama apikaye maharagwe Nairobi hungoja zaidi kuliko mwenzake wa Mombasa, kwa kuwa pwani maji huchemka yakifika digrii 100, lakini Nairobi huchemka yakifika karibu digrii 95. Mwili nao huzoea. Michezo ya Olimpiki ilipofanywa Mexico City mwaka 1968, mahali palipo meta 2,240 juu ya bahari, wakimbiaji wengi wa nchi za chini waliishiwa na pumzi. Lakini Naftali Temu alishinda mbio za meta 10,000, na Kipchoge Keino akashinda za meta 1,500. Wote wawili walikulia katika nyanda za juu, penye hewa nyepesi.

Hata hivyo, kazi kubwa ya hewa ni kuhifadhi joto. Mchana mwangaza wa jua hupita katika hewa na kuipasha ardhi joto; kisha ardhi hulirudisha joto hilo juu, mchana na usiku. Naitrojeni na oksijeni huliacha lipite. Lakini mawingu, mvuke wa maji na hewa ya ukaa hulizuia na kurudisha sehemu yake chini, kama blanketi limhifadhivyo mtu aliyelala. Mtaalamu John Tyndall aliyapima mambo hayo kwa vyombo mjini London mwaka 1859. Kama blanketi hilo lisingalikuwako, wastani wa joto la dunia ungalikuwa digrii 18 chini ya kiwango cha maji kuganda, badala ya kuwa digrii 15 juu yake. Basi sakitu ya Kinangop ni somo dogo la jambo kubwa. Mawingu yakiondoka, shamba limefunuliwa blanketi.

Pamoja na hayo, hewa ni mchukuzi wa maji. Mabaharia wa pwani wamezijua pepo zake tangu kale: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Pepo hizo huchukua pia mvuke wa Bahari ya Hindi. Pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, hewa hupanda na kupoa, na mvuke hugeuka kuwa mawingu na mvua. Mahali pa kukutana hulifuata jua, hupita Kenya mara mbili kila mwaka. Ndipo hupatikana masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Sasa blanketi la dunia linazidi unene. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza, katika kila sehemu milioni moja za hewa mlikuwa na sehemu 280 za hewa ya ukaa. Charles Keeling alipoanza kuipima huko Hawaii mwaka 1958, alikuta 315. Mwaka 2023 zilikuwa zimepita 420. Nyongeza hiyo imetokana hasa na makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa katika nchi zenye viwanda vingi, na kwa sehemu na misitu iliyokatwa. Sehemu ya Kenya ni ndogo sana, lakini hewa haina mipaka. Lewis, mto mkubwa wa barafu wa Mlima Kenya, ulipoteza kadiri ya sehemu tisa katika kumi za barafu yake kati ya mwaka 1934 na 2010.

Hewa yenye joto hunywa maji mengi. Kila digrii moja ikizidi, hewa huweza kuchukua mvuke zaidi kwa kadiri ya sehemu 7 katika 100. Kwa hiyo wakati wa kiangazi huukausha udongo upesi, na wakati wa mvua humwaga kwa wingi. Ukame na mafuriko si mambo mapya, na wazee wanayakumbuka mafuriko ya mwaka 1961. Bali joto huyaongezea nguvu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini na mashariki ya Kenya, na wafugaji wakapoteza mifugo mingi mno. Kisha mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yakaua watu na kubomoa nyumba.

Mkulima hawezi kuiamuru hewa, lakini aweza kuijua tabia yake. Hewa ya baridi ni nzito, nayo hutiririka usiku na kutuama mabondeni kama maji. Basi viazi vipandwe mteremkoni, si chini bondeni. Matuta na visima vya kukusanya mvua huyahifadhi maji ya siku ya wingi kwa ajili ya siku ya uhaba. Mtama na mbaazi huvumilia pale mahindi yashindwapo. Miti huzuia udongo, hurudisha mvuke hewani, na huila hewa ya ukaa.

Wazee walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Dalili hizo sasa zaonekana mapema kwa vyombo vilivyo juu angani, na habari za Idara ya Hali ya Hewa hutangazwa redioni kabla ya kila msimu. Mwenye kupanda kwa mazoea ya tarehe peke yake hujihatarisha. Mwenye kusikiliza kwanza, ndipo akapanda, ana tumaini zaidi la kuvuna.