Kidole Kilichojikunja: Kisu au Sindano?

(Haya ni maneno ya hotuba waliyopewa wanachama wa upande wa Meru na Embu. Twayachapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Leo hatukuja kusema juu ya mshahara wala juu ya nyapara. Tumekuja kusema juu ya mkono, kwa kuwa mkono ndio mshahara. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Mpasua mawe hulipwa kwa mawe aliyopasua. Mchuma miraa wa Igembe naye hana chombo kingine ila vidole vyake. Kidole kimoja kikikataa kunyooka, kilo zapungua, na jioni sufuria yapungua.

Mama mmoja mchuma chai, mwanachama mwenzetu, alituonyesha mkono wake. Kila asubuhi kidole chake cha pete kilikuwa kimekwama, kimejikunja. Alikivuta kwa mkono wa pili mpaka kikaruka kwa kishindo na maumivu. Alidungwa sindano, akapona. Baada ya miezi michache kikarudi. Akadungwa tena, kikarudi tena. Alipoambiwa habari ya kupasuliwa alikataa, maana alidhani kupasuliwa ni kukatwa kidole. Tena majani yalikuwa mengi wakati ule. Basi akaendelea kuchuma kwa vidole vilivyobaki. Sisi wajumbe tulimpita kila siku kwenye banda la kupimia majani, wala hatukumwuliza. Kosa hilo ni letu, na ndilo lililotuleta hapa.

Jambo la kwanza ni hili: vidole vilivyojikunja si ugonjwa mmoja. Kabla ya kuuliza kisu au sindano, ulizeni, je, huu ni ugonjwa gani?

Upo ugonjwa wa kidole kinachokwama. Kano ya kidole hupita ndani ya ala, kama panga alani. Ala ikinenepa pale penye shina la kidole, kano hukwama ndani yake. Huu ndio ugonjwa wa yule mama. Huwapata zaidi wanawake na watu wa makamo, na hasa wenye ugonjwa wa sukari. Madaktari bado wanabishana kiasi gani kazi ya mikono inauleta; lakini kila mchumaji ajua kwamba kazi huuchokoza.

Upo ugonjwa wa pili, uitwao kwa jina la Dupuytren, daktari Mfaransa aliyeupasua huko Paris mwaka 1831. Hapa kano ni nzima. Kinachoharibika ni utando ulio chini ya ngozi ya kiganja: hufanya vinundu, kisha kamba ngumu, na kamba hiyo hukivuta kidole pole pole, mara nyingi cha pete na cha mwisho. Kwa kawaida hauumi sana. Jaribuni hivi: wekeni kiganja juu ya meza. Kisipolala sawasawa, nendeni kwa daktari. Ugonjwa huu hufuata ukoo, umeenea sana kaskazini mwa Ulaya, na kwa Waafrika ni wa nadra.

Tena kuna kidole kilichovutwa na kovu la moto au la jeraha. Hicho hakinyooshwi kwa sindano. Chataka upasuaji, na mara nyingi kupandikizwa ngozi. Aliyeungua mkono na afungwe gango na kufanya mazoezi mapema, kabla kovu halijakaza.

Sasa tupime kisu na sindano.

Kwa kidole kinachokwama, sindano ni ya dawa ya steroidi, inayodungwa penye ala. Faida yake ni kwamba huchukua dakika chache, na mtu hurudi kazini upesi. Kwa wagonjwa wapata nusu au zaidi, sindano moja hutuliza. Hasara yake ni kwamba ugonjwa waweza kurudi baada ya miezi. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari haifanyi kazi vizuri hivyo, na yaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Amweleze daktari kabla ya kudungwa. Upasuaji wake ni mdogo: mgonjwa yu macho, kiganja kimetiwa ganzi, daktari akata ala iliyobana ili kano ipite. Hakikatwi kidole, la hasha. Wagonjwa zaidi ya tisa katika kumi hupona, na kurudi kwa ugonjwa ni nadra. Lakini kuna kidonda cha kutunza, nyuzi za kutolewa baada ya wiki moja na nusu au mbili, na hatari ndogo ya usaha au ya kuumia mshipa wa fahamu. Basi shauri la kawaida ni hili: anza na sindano, ikirudi mara ya pili, usikae kuhesabu sindano, bali zungumza na daktari juu ya kisu.

Kwa ugonjwa wa Dupuytren mambo ni mengine. Sindano yake ni ya kolajenasi, dawa inayoyeyusha ile kamba. Baada ya siku moja au zaidi daktari hukivuta kidole kikanyooka. Marekani iliiruhusu mwaka 2010. Mwaka 2020 kampuni iliiondoa katika soko la Ulaya kwa sababu za biashara. Wagonjwa waliofuatwa miaka 5 baada ya sindano hiyo, katika vidole vilivyokuwa vimenyooka, 47 katika kila 100 vilijikunja tena. Na uchunguzi mkubwa wa Uingereza, wa wagonjwa 672, uliotangazwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja mikono iliyopasuliwa ilikuwa na hali bora kuliko iliyodungwa. Lakini kisu nacho hakimalizi ugonjwa. Waweza kurudi, na kupasua mara ya pili ni kugumu zaidi kwa sababu ya makovu. Hakuna dawa inayoung'oa kabisa. Atakayekuahidi hivyo, shika mfuko wako.

Ndugu, hapa ndipo chama kinapoingia. Huko Uingereza, baraza la wataalamu lilishauri mwaka 2014 kwamba ugonjwa wa Dupuytren kwa watu waliotumia mashine zinazotetema miaka mingi uhesabiwe kuwa ugonjwa wa kazi. Serikali ilikataa kwanza. Tangu Desemba 2019 umekubaliwa, kwa mtu aliyeshika mashine hizo jumla ya miaka 10 au zaidi. Ninyi mnaoshika msumeno wa mashine au drili ya mawe, yafahamuni hayo.

Hapa Kenya, sheria ya mafao ya walioumia kazini, ya mwaka 2007, hutaja ajali na pia magonjwa ya kazi. Ukiumia, mwarifu mwajiri mara moja. Naye hupewa siku 7 kumwarifu Mkurugenzi wa serikali. Madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo humpa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo walau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Hata kibarua aliyetimiza kazi ya mwezi mmoja mfululizo asikubali kuambiwa kwamba yeye si kitu.

Yule mama hatimaye alipasuliwa. Kidole chake leo chanyooka. Alipoulizwa ni nini kilichomwuma, hakutaja kisu. Alitaja wiki tatu bila kilo hata moja. Wengi huchagua sindano si kwa sababu ndiyo inayowafaa, bali kwa sababu hawana wiki tatu. Hilo si shauri la daktari. Ni shauri letu.

Kwa hiyo twawaomba haya:

1. Mwenye kidole kinachokwama amwambie mjumbe wake mapema, asifiche.

2. Hospitalini aulize: ugonjwa gani, warudi mara ngapi, na nitakaa siku ngapi bila kazi?

3. Aombe cheti, akitunze.

4. Kila tawi limtafutie aliyepasuliwa kazi nyepesi mpaka kidonda kipone, na wenzake wachange kilo zao kidogo kidogo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wala mfanyakazi mmoja peke yake hawezi kuzishinda wiki tatu hizo.