Kufundishwa Nyumbani Siyo Kubakishwa Nyumbani



Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa maana hiyo kila nyumba ya Uhehe, Usafwa na Unyakyusa imekuwa shule tangu zamani. Lakini elimu ya nyumbani inayozungumzwa siku hizi ni jambo jingine: mzazi kutompeleka mtoto shule na kujitwika kazi yote ya mwalimu, yaani mtaala, ratiba, vitabu na upimaji. Marekani huruhusu utaratibu huo, Ujerumani huukataza.

Yafaa utofautishwe na njia zinazofanana nao. Mtoto wa twisheni bado ni mwanafunzi wa shule. Huongezewa masomo tu. MEMKWA huwakusanya watoto walioikosa elimu ya msingi, huwapa mwalimu, na hulenga kuwarudisha katika mfumo rasmi. Mtahiniwa wa kujitegemea hujisomea popote, ila asiyepitia sekondari sharti afaulu kwanza Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani. Katika njia zote hizo jina la mwanafunzi limeandikwa mahali, na yuko wa kumpima.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 humtaka kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule, na ahudhurie mpaka amalize elimu ya msingi. Kwa hiyo mzazi hawezi kujiamulia tu kwamba nyumba yake ni shule.

Hatari iliyopo si ya wazazi wachache wenye vitabu. Yuko mtoto anayechunga ng'ombe Mbarali wenzake wakiwa darasani. Yuko binti wa Iringa aliyepelekwa Dar es Salaam kutumika katika nyumba za watu. Yuko mtoto mwenye ulemavu aliyefichwa ndani. Akiulizwa mzazi, hujibu: "Yuko nyumbani," au, "Yuko kwa shangazi yake." Watoto hao hawafundishwi, wamebakishwa.

Basi jina lisipoitikiwa asubuhi, mwalimu asiridhike na jibu hilo. Aulize mambo matatu: nani anamfundisha, anamfundisha nini, na nani anampima? Majibu yasipopatikana, jina lifikishwe kwa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Elimu Kata siku hiyo hiyo. Mwaka wa mtoto ukipotea, haurudi.