Chama cha Katikati na Daftari la Kikundi

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Thika na Ruiru)

Tumeombwa tuzungumze juu ya vyama vipya vya siasa, vile vinavyosema, "Sisi si wa huku wala wa kule, tuko katikati." Je, vina kazi gani katika nchi?

Tuanze nyumbani. Kabla ya 2013, Thika na Ruiru zilikuwa katika eneo moja la bunge, Juja. Hebu tuhesabu. Mwaka 1992 tulichagua mbunge wa FORD-Asili. 1997, wa SDP. 2002, wa Sisi kwa Sisi. 2007, wa PNU. Katika uchaguzi mdogo wa 2010, wa Narc-Kenya. Chaguzi tano, vyama vitano! Kwa hivyo tusiseme ati watu wetu huogopa chama kipya. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuketi katika mkutano wa tawi la chama kimojawapo, wakasomewa hesabu? Tulipanda kama matatu, tukashuka.

Ni kweli, katikati kuna nguvu. Mwaka 2007 Kalonzo Musyoka wa ODM-Kenya alisimama kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga. Alipata karibu kura 9 katika kila 100, na Januari 2008 akawa Makamu wa Rais. Kisha Katiba ya 2010 ikasema rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Basi wakubwa wawili wakikaribiana, mdogo ndiye anayebembelezwa. Swali letu ni hili: akibembelezwa, anaomba nini? Kiti chake, au maji na barabara za wanachama?

Tena, katikati bila watu mashinani ni jina tu. Mwaka 2013 Peter Kenneth, aliyekuwa mbunge wa jirani zetu wa Gatanga, na Martha Karua waligombea urais nje ya miungano mikubwa. Kila mmoja hakufikisha hata kura 1 katika 100.

Sisi wa vikundi tunajua siri. Kikundi husimama kwa daftari, mchango, kumbukumbu za mkutano na uchaguzi wa viongozi. Chama cha siasa ni vivyo hivyo. Sheria ya 2011 inataka kiwe na wapiga kura wasiopungua 1,000 kama wanachama katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Sheria ni nzuri, lakini mwaka 2021 Wakenya wengi walishtuka kukuta majina yao katika vyama wasivyojiunga navyo.

Kwa hivyo, jamani, tukubaliane mambo matatu. Kwanza, daftari la kikundi lenye nambari za vitambulisho lisipewe mgeni yeyote, hata akija na mchango wa harambee. Pili, anayetaka kujiunga na chama ajiunge mwenyewe, kwa hiari yake, kisha adai mkutano na hesabu. Tatu, chama kikisema kiko katikati, tukiulize: katikati ya nini, na mkiingia serikalini mtatuomba ruhusa?

Mkirudi vijijini, anzeni na hilo la daftari. Limefungiwa wapi leo, na ufunguo anao nani?