Gari linaozea chini: mambo ya kuangalia mbele ya kununua pickup yetu

(Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa wanachama. Komite iliniomba niyaandike kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Wengi wetu tuliishi Nyarugusu na Lugufu. Kule magari yalileta mgao, yakageuza, yakaenda zake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeombwa alale chini ya gari aangalie kama limeoza, sababu halikuwa letu. Leo tunataka kununua la kwetu, kwa mafranga ya michango: ya mama anayeuza ndagala, ya baba anayelima mihogo. Likifa kisha miezi sita, hakuna atakayetuletea lingine.

Munajua kwamba tulienda kuangalia Hilux moja. Nyeupe, inang'aa, injini inawaka mara moja. Wengi walisema: tulipe sasa, mbele mwingine hajaichukua. Mimi niliomba tungoje, na wengine walinikasirikia. Basi acha niwaeleze.

Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye mradi mmoja uliokodi pickup kama hiyo. Chini ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mpya. Tulipakia saruji, na watu wakapanda juu ya saruji, namna munavyojua. Kwenye kilima tukasikia mlio kama mti unaovunjika. Shasi ilikatika nyuma ya kabini, gari likainama katikati. Mungu alitusaidia, hakuna aliyekufa, lakini mama mmoja alivunjika mkono. Fundi alipokwangua ile rangi, chuma kilibanduka kama maganda ya kitunguu. Mimi njo niliyesaini karatasi ya kulipokea lile gari. Niliangalia matairi, taa na injini. Chini sikuangalia.

Kutu inataka vitu viwili tu: maji na hewa. Ukiongeza chumvi, inakimbia zaidi. Ndugu zetu waliopelekwa Marekani wanaweza kuwaambia: kwenye majimbo ya baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi ile inakula magari. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi kule Marekani juu ya kutu kwenye shasi za Tacoma, Tundra na Sequoia, na gharama ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kwa hiyo jina kubwa la gari siyo dawa ya kutu.

Mutasema: sisi hatuna barafu. Ni kweli, na maji ya Tanganyika hayana chumvi kama bahari. Lakini tunapakia samaki wa chumvi. Maji yake yanachuruzika kwenye sanduku la nyuma, yanashuka mpaka kwenye shasi, na hakuna anayeosha. Tena magari tunayouziwa ni okazyo: lingine lilishakula chumvi ya nchi za baridi mbele halijafika kwetu.

Sasa, tuangalie wapi?

Kwanza shasi, hasa nyuma ya kabini, pale inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na pale springi za nyuma zinaposhikiliwa. Ndani ya shasi kuna uwazi, na chini kuna matundu ya kutoa maji. Matope yakiyaziba, maji yanabaki ndani, na chuma kinaoza kutoka ndani wakati nje bado kizuri. Chukua nyundo ndogo, gonga polepole. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Sukuma kwa bisibisi: ikizama, musinunue. Kutu nyekundu ya juu juu tu siyo ugonjwa mkubwa. Ile inayotoka kwa maganda njo ya kuogopa. Mukiona bati limeungwa juu ya shasi kwa kuchomelea, muulize ni kwa nini.

Pili, tyubu za breki. Ni mipira na vyuma vyembamba vinavyopita kando ya shasi. Kutu ikitoboa kimoja, mafuta yanamwagika na pedali inazama. Hapo ni watu wanakufa.

Tatu, chini ya milango, ukingo wa kupandia, na sakafu ya kabini. Inua zulia. Likiwa na unyevu, maji yanaingia. Kama kuna mastiki chini ya rangi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itawaambia: kwenye bati inashika, kwenye mastiki nzito haishiki.

Nne, ekseli. Barabara yetu ina mito ya kuvuka. Ekseli yenye moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi inavuta maji ndani. Fundi afungue mafuta ya difu: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameshaingia.

Tano, ile rangi nyeusi mpya chini. Siyo kila anayepaka anadanganya. Lakini kupaka rangi juu ya kutu ni kufunika kidonda kisichooshwa. Tukwangue kidogo tuone. Muuzaji akikataa, amekwisha kutujibu.

Na tukishanunua? Kila kisha kubeba samaki, kila kisha matope, tuoshe chini kwa maji safi, tuzibue matundu ya shasi, tuache ikauke. Pahali penye kutu tusugue kwa brosi ya chuma, ndipo tupake rangi ya kuzuia kutu. Musimwage mafuta machafu ya injini: yanaharibu mipira, na yakidondoka mvua inayapeleka ziwani, kwenye maji tunayokunywa. Na tusipakie kupita tani moja. Shasi inayooza na mzigo uliozidi ni ndugu wawili, wanasaidiana kuua gari.

Ninaomba mambo matatu. Fundi atakayelikagua tumlipe sisi, asiwe wa muuzaji. Shofere awe na daftari, aandike kila siku alipoosha na alichoona. Na kila mwezi, mbele ya kugawa faida, tuweke pembeni sehemu ya matengenezo.

Baba mmoja aliniuliza: «Na tukiikosa hii?» Tutatafuta nyingine, Papa. Michango ikipotea, ndiyo hatutaipata tena.

Siku ya Jumamosi asubuhi fundi atakuja. Mimi nitalala chini ya gari pamoja naye, na ninataka wanachama wawili walale nasi, mmoja awe mama. Mwenye torshi nzuri aje nayo.