Safari ya Nairobi na Mtoto Mgonjwa

Akina mama na walezi mnaotusikiliza, hapa Mogogosiek na kote kwenye mashamba ya majani chai, leo tuzungumze juu ya safari.

Daktari amekuandikia barua umpeleke mtoto Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na Nairobi hujawahi kufika. Alfajiri unapanda gari. Kwa kuhofia mtoto asiharishe au kutapika mbele ya watu, unamnyima kinywaji na kumpunguzia titi. Mama, hilo ni kosa, ingawa nia yako ni njema. Mtoto anayeharisha anapoteza maji mwilini. Ukimnyima, atafika hospitali akiwa hoi kuliko alivyotoka nyumbani.

Fanya hivi. Anayenyonya, mnyonyeshe kila anapotaka, hata ndani ya gari, si aibu. Kama anaharisha, changanya ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ukitumia maji safi, umpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Beba vitambaa na kopo lenye kifuniko. Lakini kama daktari amesema asile wala kunywa kabla ya upasuaji, fuata agizo lake.

Barua ya daktari, kitabu cha kliniki na dawa viwe kwenye mkoba unaoushika mwenyewe, si kwenye mzigo wa juu ya gari. Funga mkanda wewe kwanza, ndipo umpakate mtoto. Mkanda mmoja usiwafunge wawili, kwa maana gari likigonga, uzito wako utamponda.

Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akipumua kwa shida au akizimia, usingoje Nairobi. Mwambie dereva akushushe penye hospitali iliyo karibu. Njia ya Bomet ina hospitali Narok; ya Kericho ina Nakuru na Naivasha.

Gari la kutoka kwetu litakuacha katikati ya jiji. Hospitali iko Upper Hill, karibu na Ngong Road, kwa hiyo utapanda matatu nyingine. Hapo usiseme "Kenyatta" peke yake. Kuna barabara ya Kenyatta mjini, kuna soko la Kenyatta, na kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta kwenye barabara ya Thika, upande mwingine kabisa wa jiji. Sema "Hospitali ya Kenyatta", na umwombe makanga akuonyeshe pa kushukia. Uliza nauli kabla ya kupanda. Usipokee chakula wala soda kutoka kwa mtu usiyemjua.

Akina mama, matibabu ya mtoto huanza mlangoni pa nyumba yako. Mnyweshe njiani, ili daktari ampokee akiwa na nguvu.